Mwenye Enzi Asiyekuwa Muumba: Mhadhara juu ya Zeus, Mkuu wa Miungu ya Wayunani



Kadhia niliyotakiwa kuieleza mbele yenu ni ya mbali kwa masafa na kwa zama, kwani inamhusu Zeus, mkuu wa miungu ya Wayunani wa kale, ambaye mahekalu yake yamekuwa magofu kwa zaidi ya karne kumi na tano, na ambaye jina lake mtu angeweza kudhani kwamba halikupata kupita katika njia za misafara zilizotoka pwani zikafika Tabora na kutawanyika katika nchi hizi zetu za miombo. Lakini limepita. Wamisionari wa Kimoravian walipojenga hapa Sikonge mwanzoni mwa karne ya 20, walikuja na Kitabu ambacho ndani yake, katika sura ya 14 ya Matendo ya Mitume, imeelezwa habari ya Paulo na Barnaba walipofika mji wa Listra wakamponya kiwete, na wenyeji wakapaza sauti kwa Kilikaonia, lugha yao, kwamba miungu imewashukia kwa sura ya wanadamu; wakamwita Barnaba Zeus, na Paulo wakamwita Hermes, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa msemaji, na kuhani wa Zeus, ambaye hekalu lake lilikuwa mbele ya mji, akaleta ng'ombe na mashada ya maua hata malangoni, akitaka kutoa sadaka.

Katika habari ile mna jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita. Watu wa Listra hawakumpa jina la mkuu wa miungu yule aliyesema sana, bali walimpa yule aliyenyamaza. Kwao mkubwa ni yule aketiye, na mjumbe wake ndiye anenaye. Wala mtu aliyekulia karibu na ikulu ya mtemi, yaani mtawala wetu wa jadi, au aliyesimuliwa na babu yake ada za ikulu, hawezi kuliona hilo kuwa ajabu. Hoja yangu yote imo humo. Vitabu vingi vya shule husema kwa mkato kwamba Zeus ndiye Mungu wa Wayunani, na kijana akishasoma hivyo humweka Zeus mahali pa Mwenyezi Mungu, kisha hustaajabu kumkuta mungu huyo ana baba, ana ndugu wanaogombana naye, ana mke mwenye wivu, na ana mambo asiyoyaweza. Mastaajabu hayo yangekwisha kama tangu mwanzo angeambiwa kwamba nafasi ya Zeus si ya kuumba. Ni ya kutawala.

Wazee wa Kinyamwezi walizitenga nafasi hizi mbili waziwazi. Aliyefanya vyote walimtaja kwa majina mengi, Likube, Limatunda, Limi ambalo ndilo jua, na Liwelelo ambalo ndilo ulimwengu wote. Naye hawakumjengea nyumba, na ni nadra walipomwelekea yeye mwenyewe kwa sadaka, maana walimwona yu juu mno kuliko mambo ya kila siku. Mambo ya kila siku, kama vile maradhi, uzazi, mavuno na mvua, yalikuwa mikononi mwa mizimu, kila ukoo na mizimu yake. Na mizimu ya watemi ndiyo iliyoshika heri na shari ya nchi nzima, ndiyo maana mtemi akiugua nchi yote ilihofu, na mvua ikikatika macho ya watu yalielekea ikulu. Sasa mweke Zeus katika mpango huo, umtafutie mahali. Hatakaa palipo Likube. Atakaa ikuluni.

Na tuanze na nasaba yake, kwani mfalme hujulikana kwa nasaba. Mshairi Hesiod, aliyeishi yapata karne ya 8 au ya 7 kabla ya Kristo katika nchi ya Boeotia, mtu aliyechunga kondoo na kulima, anasema kwamba mwanzo ulikuwapo utupu, kisha ikawako ardhi, na ardhi ikaizaa mbingu, na katika ndoa ya mbingu na ardhi wakazaliwa majabari ambao mdogo wao ni Kronos. Kronos huyu alimjeruhi baba yake kwa mundu akamnyang'anya enzi, kisha akabashiriwa kwamba naye atapinduliwa na mwanawe wa kumzaa. Kwa hiyo kila mtoto aliyezaliwa na mkewe Rhea alimmeza, mmoja baada ya mwingine, Hestia, Demeter, Hera, Hades na Poseidon, hata Rhea alipoichukua mimba ya sita akakimbilia kisiwa cha Krete, akajifungua kwa siri, akamficha mtoto pangoni, na kumpelekea mumewe jiwe lililoviringwa nguo za mtoto mchanga, naye akalimeza bila kulitazama. Watoto wa shule hucheka sana wafikapo hapo. Mtoto yule aliyefichwa ndiye Zeus, akanyonya maziwa ya mbuzi aitwaye Amaltheia, na masimulizi mengine yanasema nyuki walimlisha asali, na vijana wenye silaha walicheza ngoma nje ya pango wakigonganisha mikuki na ngao ili kilio chake kisisikike. Nami naona inafaa watu wa Sikonge, ambao mizinga yao imejaa miombo, wajue kwamba mfalme wa mbingu za Wayunani alikuzwa kwa chakula chao.

Lakini ni lipi katika kisa hiki lililo geni kwetu? Wasukuma na Wanyamwezi wana kisa cha Shing'weng'we, zimwi lililowameza watu wote wa dunia na mifugo yao, asibaki ila mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha. Naye akazaa mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, ambaye alipokua akauliza, Baba yangu yuko wapi, na watu wako wapi? Mama akamwambia walimezwa. Tangu hapo kijana akawa kila siku anakwenda kuwinda, na kila alichokiua, kiwe kidogo kiwe kikubwa, alimletea mamaye na kuuliza kama ndicho Shing'weng'we, na mama akamjibu kwamba bado, Shing'weng'we ni mkubwa kuliko hicho. Hata siku moja akalikuta lenyewe akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wazima, na baba yake miongoni mwao. Kisu kilimkata sikio kikongwe mmoja aliyekuwamo tumboni, naye badala ya kushukuru akakasirika, akataka kumroga aliyemwokoa. Na wale waliookolewa wakamfanya Masala Kulangwa mtemi wao.

Sisemi kwamba Wayunani walikitoa kisa chao Usukuma, wala Wasukuma hawakukitoa chao Uyunani. Wako wataalamu waliotumia maisha yao yote katika kutafuta njia za namna hiyo, nami sitawafuata. Nasema tu kwamba visa vyote viwili vinajibu swali moja, nalo ni hili: mtawala ana haki gani ya kutawala? Na jibu ni moja. Zeus naye alipokuwa mtu mzima alimtapisha Kronos, na jiwe likatoka kwanza, kisha wakatoka ndugu zake wazima. Jiwe lile likawekwa Delphi, na msafiri Pausanias, aliyepita huko katika karne ya 2 baada ya Kristo, anasema alilikuta lingali likimiminiwa mafuta kila siku. Basi Zeus hana enzi kwa sababu aliwaumba wenziwe, maana wengine walizaliwa kabla yake. Ana enzi kwa sababu aliwatoa tumboni. Na kile kikongwe cha Kisukuma chenye sikio lililokatika nacho kina wenzake juu ya mlima Olympus, kwani Homer anatueleza kwamba Hera, Poseidon na Athena, ambao wote walinufaika na Zeus, walipata siku moja kula njama ya kumfunga pingu.

Vita vya kuwashinda majabari vilichukua miaka kumi, na Zeus hakushinda kwa nguvu zake peke yake. Aliwafungua majitu ya jicho moja, Kyklopes, waliofungwa na wazee wake, nao wakamfulia radi kwa shukrani; akawafungua na wale wenye mikono mia, wakampigania. Baada ya ushindi yakaja yaliyo magumu kuliko vita, yaani kugawa. Katika Iliad, utenzi wa Homer, Poseidon mwenyewe anakumbusha kwa hasira kwamba ndugu watatu walipiga kura, Zeus akapata mbingu, yeye Poseidon akapata bahari, na Hades akapata kuzimu, na kwamba nchi kavu pamoja na Olympus ni mali ya wote watatu. Fikirini maneno hayo: mkuu wa miungu hana haki ya peke yake hata juu ya mlima anaokaa.

Hapa historia yetu wenyewe inatufunza zaidi ya vitabu. Karne ya 19 iliinua katika nchi hizi watu wawili wenye nguvu kupita wote, Mirambo wa Urambo na Nyungu ya Mawe, wote wawili wakiwa na ruga-ruga wao, yaani askari wao wa vita, na wote wawili wakafariki mwezi wa Desemba 1884. Mirambo alikuwa mashuhuri zaidi, wazungu wakamwandika sana, lakini dola yake ilisimama juu ya nafsi yake, na alipoondoka ikaanza kubomoka mara moja. Nyungu, aliyetoka katika nyumba ya utemi ya Unyanyembe na kuweka makao yake Kiwele, katika nchi za kusini, kila alipoishinda nchi aliweka mtwale wake, yaani wakili wake, akampa sehemu yake na madaraka yake, na pembe za ndovu zikaja kwake kwa utaratibu. Kwa sababu hiyo alipofariki, mwanamke, Mgalula, aliweza kukirithi kiti chake bila nchi kuvunjika, na dola ile ikadumu hata Wadachi walipoingia. Zeus wa Hesiod ni wa namna ya Nyungu. Ukimsoma mshairi yule kwa makini utaona kwamba sifa kubwa anayompa mfalme wake si radi. Ni kule kumgawia kila mmoja heshima yake, hata pasiwe na wa kudai kwamba hakupewa.

Kazi za kiti hicho zilikuwa nyingi, nami nitazitaja zile ambazo hadhirina watazitambua bila kufasiriwa. Ya kwanza ni mvua, kwa kuwa Zeus ni mkusanya mawingu. Juu ya mlima Lykaion katika nchi ya Arkadia palikuwa na chemchemi iitwayo Hagno, na Pausanias anasema kwamba ukame ulipozidi, kuhani wa Zeus aliomba, akatoa sadaka, kisha akachovya tawi la mwaloni juujuu ya maji, na maji yakatoa mvuke kama ukungu, na ukungu ukawa wingu, na wingu likakusanya wenzake mpaka mvua ikanyesha. Waganga wa mvua waliowatumikia watemi wetu walikuwa na vyombo na dawa tofauti, lakini mpango ni ule ule: mvua ni amana ya mwenye nchi, na yuko mtu maalumu anayejua namna ya kumkumbusha.

Ya pili ni ugeni, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Tabora imejengwa na wageni. Wayunani walimwita Zeus mlinzi wa mgeni, na pia mlinzi wa anayeomba hifadhi na wa kiapo. Mgeni alipobisha hodi hakuulizwa jina mpaka ale, kwani huenda yeye ndiye Zeus aliyejigeuza. Mshairi wa Kirumi Ovid anasimulia kwamba katika nchi ya Frigia, jirani ya Listra ile ya Paulo, Zeus na Hermes walipita wakiwa na sura ya wasafiri, wakafukuzwa katika nyumba elfu, wakapokewa na wazee wawili maskini, Philemon na Baucis, na mji wote ukagharikishwa isipokuwa kibanda chao. Na huenda wale waliokimbilia kuleta ng'ombe kwa Barnaba walikuwa na kisa cha namna hiyo vichwani, wakiogopa kurudia kosa la jirani zao. Tena vita vya Troya, kwa hesabu ya Wayunani, asili yake si uzuri wa Helen tu, bali ni kwamba Paris alikula chumvi ya Menelaos kisha akamwibia mke, na kwa kufanya hivyo alimkosea Zeus kabla ya kumkosea mume.

Katika njia yetu ya misafara haja ilikuwa ile ile, kwani mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe kutoka hapa hadi Bagamoyo alipita katika nchi za watu wengi asiokuwa na ndugu kwao. Lakini sisi hatukuweka ulinzi huo kwa mungu wa juu. Tuliuweka katika utani, ambao kwa huo Mnyamwezi na Mzaramo huweza hata leo kutukanana msibani na kuzikana. Tuliuweka katika hongo, ambayo mtemi akishaipokea alikuwa dhamini wa msafara. Na tuliuweka katika udugu wa kuchanjiana, kama ule waliochanjiana Mirambo na msafiri Stanley mwaka 1876. Ikiwa mtaniuliza ni ipi iliyo bora, nitasema ya kwetu ilikuwa na wepesi zaidi, na ya kwao ilimfaa zaidi maskini asiye na kabila la kutaniana nalo wala nguo ya kulipa hongo.

Sasa nije kwenye mpaka wa enzi hiyo. Katika Iliad, Sarpedon, mwana wa Zeus mwenyewe, anakaribia kuuawa na Patroklos, na Zeus anatamani kumwokoa. Hera anamwambia kwamba akipenda afanye, lakini miungu wengine hawatamsifu, na kila mmoja atataka kumwokoa mwanawe, na ajali iliyokwisha kukatwa itakuwa haina maana. Zeus ananyamaza, ananyesha mvua ya damu juu ya nchi kwa heshima ya mwanawe, na Sarpedon anakufa. Baadaye, siku ya kufa kwa Hektor, shujaa wa Troya, anainua mizani ya dhahabu, na upande wa Hektor unashuka. Waumini wa Mola mmoja, Waislamu kwa Wakristo, husema kwamba kadari ni amri yake Yeye. Zeus mizani ameishika, lakini uzito si wake. Ni hakimu aliyefungwa na sheria asiyoitunga, na mtemi aliyezungukwa na wanyampala wake, ambaye asingeweza kuvunja desturi ya nchi bila kujivunja mwenyewe, angelimhurumia.

Tabia zake mbaya hazifichiki, na wanawake aliowahadaa, mara kwa sura ya fahali, mara ya bata maji, mara ya mvua ya dhahabu, wamejaa vitabuni. Wayunani wenyewe walichukizwa. Xenophanes katika karne ya 6 kabla ya Kristo aliwalaumu Homer na Hesiod kwa kuwazulia miungu wizi na zinaa. Lakini uzinzi huo nao una sababu ya kiutawala: kila nyumba ya kifalme, kutoka Krete hata Thebes na Argos, ilitaka jadi yake ianzie kwa Zeus, na jadi haianzi bila bibi. Hata Iskandar wa Makedonia, aliyefika jangwani Siwa mwaka 331 kabla ya Kristo, alipokewa na kuhani kama mwana wa Amun, mungu wa Wamisri, ambaye kwa Wayunani ni Zeus.

Huenda mmoja wenu akauliza kwa nini jina la Iskandar lilifika pwani ya Waswahili, pamoja na Aflatuni, Aristotali na Jalinusi tabibu, na la Zeus halikufika pamoja nayo. Sababu ni kwamba wanazuoni wa Baghdadi, katika zama za Khalifa al-Maamun na baada yake, walifasiri kutoka Kiyunani vitabu vya tiba, hesabu, falaki na hekima, wakawaacha washairi na miungu yao; na Iliad nzima haikuingia katika Kiarabu mpaka mwaka 1904, ilipochapishwa Cairo tafsiri ya Sulayman al-Bustani. Nyota ambayo Wayunani waliiita ya Zeus manahodha wetu wanaiita Mshtarii, wala hawakupata kuambiwa ni ya nani.

Enzi ya Zeus ilikuwa na makao makubwa Olympia, ambako kila mwaka wa nne, kwa hesabu iliyoanzia 776 kabla ya Kristo, watu walishindana mbio na mieleka kwa ajili yake. Na katika hekalu lake mchongaji Pheidias aliunda katika karne ya 5 kabla ya Kristo sanamu yake ameketi kitini, kimo chake yapata mita 12, nguo zake za dhahabu na mwili wake wa pembe za ndovu. Watu wa Tabora, ambao babu zao walibeba pembe mabegani mpaka pwani bila kujua ziendako, wanaweza kukadiria ni tembo wangapi waliokufa ili mfalme wa mbingu apate uso na mikono.

Na kwa kuwa ilikuwa enzi, iliweza kufutwa kama enzi zinavyofutwa. Kaisari wa Kirumi Theodosius alitoa amri katika miaka ya 391 na 392 baada ya Kristo kukataza sadaka na kufunga mahekalu. Michezo ya Olympia ikakoma, na ile sanamu, inavyosimuliwa, ikachukuliwa Constantinople na huko ikateketea kwa moto. Utemi wetu nao uliondolewa kwa sheria, katika Tanganyika huru, mwaka 1963. Lakini Likube hakuwa na kiti, wala hekalu, wala kuhani, wala siku ya michezo. Hapakuwa na kitu ambacho amri ya serikali yoyote ingeweza kukishika na kukifunga, na wako wazee katika nchi hii ambao hata leo, wakiwa wamekwisha kuswali au wametoka kanisani, humtaja kwa jina lake hilo hilo la zamani. Basi vijana, mkiulizwa katika mtihani ni nani katika Unyamwezi wa kale aliyefanana na Zeus, msiandike Likube. Andikeni mtemi, na mtaje sababu.